Kosa la dawa hupita mikono mingapi?

Kichupa cha parasetamoli ya kuingizwa mshipani kina mililita 100, na humo ndani mna miligramu 1,000 za dawa. Kwa hiyo kila mililita imebeba miligramu 10. Mtoto mchanga wa kilo 4 anayepewa miligramu 7.5 kwa kila kilo anahitaji miligramu 30, yaani mililita 3 tu; hazijazi hata kijiko cha chai. Sasa mtu aandike "30" mbiombio kwenye karatasi ya dawa, asahau kuandika kipimo baada ya namba, kisha zamu yake iishe aondoke. Anayeingia usiku akiisoma kuwa mililita 30, mtoto atapata miligramu 300, mara kumi ya anachohitaji. Ini la mtoto wa kilo 4 halihimili mzigo huo.

Mimi ni mfamasia. Nimefanya kazi katika hospitali kadhaa za Nairobi, za umma na za binafsi, na hiyo "30" niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa msimu wa mvua, wodi ya watoto imefurika nimonia, vitanda vingine vimelaza wawili wawili. Nilikuwa nimepanda na katoni ya dawa zilizopungua. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake upande ule, ameshavuta dawa kwenye sirinji kubwa, akaja hadi kitanda cha pembeni ambako shosho mmoja alikuwa amempakata mjukuu wake. Shosho akaitazama ile sirinji, akasema kwa upole, "Sista, mchana walimtilia na kasindano kadogo. Mbona hii ni kubwa hivi?"

Muuguzi alisimama. Angeweza kumjibu kwa ukali, maana sote tunajua jinsi usiku wa wodi unavyochosha. Badala yake alirudi mezani, akafungua karatasi, akaniita. Tukaitazama pamoja. "30", basi, hakuna kilichofuata. Tulipiga hesabu upya juu ya kasha la glavu, akaimwaga ile dawa, akavuta mililita 3 kwa sirinji ndogo. Aliporudi kitandani alimwambia, "Asante shosho. Umenisaidia sana." Mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Yule alikuwa miongoni mwa wauguzi makini zaidi niliowahi kufanya nao kazi. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia "kosa la dawa" humfikiria mzembe, au mtu aliyenunua cheti. Wapo, sikatai. Lakini makosa mengi niliyoyaona hayakufanywa na watu wa aina hiyo. Yalizaliwa kati ya mkono na mkono, pale dawa inapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na yalimfikia mgonjwa baada ya kupita watu watatu au wanne, kila mmoja akidhani mwenzake ameshahakikisha.

Dawa kukukataa na kosa la dawa

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Mtu akipewa penisilini kwa mara ya kwanza maishani, akatokwa na vipele, watu husema dawa imemkataa. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini hakuna aliyekosea, hakuna aliyejua. Mtu huyo huyo akirudi baada ya miaka miwili, faili lake likiwa limeandikwa kwamba ana mzio wa penisilini, kisha akapewa penisilini, hilo ni kosa la dawa. Dawa ni ile ile, vipele ni vile vile. Tofauti ni kwamba safari ya pili ingeweza kuzuiwa.

Hicho ndicho kipimo: je, lingeweza kuzuiwa? Na kosa halilazimiki kuumiza ndipo liitwe kosa. Ile sirinji ya shosho haikumgusa mtoto, lakini lilikuwa kosa kamili lililoponea chupuchupu. Makosa ya namna hii ni mengi kuliko yanayoumiza, na kwangu mimi yana thamani kubwa, kwa sababu yanatuonyesha tundu liko wapi kabla mtu hajatumbukia.

Ukubwa wa tatizo si wa Nairobi peke yake. Machi 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika, likakadiria kuwa makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Siku ya Usalama wa Mgonjwa, inayoadhimishwa Septemba 17, mwaka 2022 ilielekezwa kwenye usalama wa dawa. Nchi zenye kompyuta kila kitanda zinahangaika na jambo hili hili.

Kalamu ya daktari

Dawa hospitalini husafiri hivi: daktari au tabibu anaiandika, mtu anainakili, famasia inaitoa, muuguzi anaitayarisha na kumpa mgonjwa, kisha mtu anapaswa kuangalia imefanya nini mwilini. Kosa laweza kuingia popote. Ila kuna jambo moja ambalo kila msimamizi wa wodi angepaswa kulijua kama anavyojua jina lake. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba makosa ya wakati wa kuandika dawa, karibu nusu yalinaswa kabla ya kumfikia mgonjwa. Ya wakati wa kumpa mgonjwa dawa, takriban hakuna lililonaswa. Sababu ni rahisi. Daktari akikosea, bado yupo mfamasia, yupo muuguzi. Muuguzi akikosea, hakuna aliyebaki nyuma yake isipokuwa mgonjwa mwenyewe na ndugu aliyeketi kando ya kitanda.

Hata hivyo kalamu ndiyo chanzo cha mengi, na ningependa nikae hapo kidogo.

Sufuri ndiyo hatari ya kwanza. Mtu akiandika "5.0", nukta ikafifia kwenye karatasi ya nakala, inasomeka 50. Akiandika ".5" bila sufuri mbele, nukta isipoonekana, inasomeka 5. Kanuni yake inakaa kiganjani: nukta iwe na sufuri mbele yake, kamwe isiwe na sufuri ya bure nyuma yake. Andika 5. Andika 0.5.

Ya pili ni vifupisho. Insulini hupimwa kwa yuniti, na wengi wetu tulifundishwa kuandika "U". Sasa andika "10U" kwa haraka uone kama herufi hiyo haifanani na sufuri. Yuniti 10 zimegeuka 100. Mgonjwa wa kisukari aliyekula uji nusu kikombe akipewa yuniti 100 za insulini, sukari itashuka hadi apoteze fahamu, na usiku wodini mtu aliyepoteza fahamu na mtu aliyelala usingizi wanafanana. Neno "yuniti" lina herufi sita tu. Sijawahi kuelewa kwa nini tunaona uzito kuliandika lote.

Ya tatu ni majina. Zamani Marekani palikuwa na dawa ya asidi ya tumbo iliyoitwa Losec, na nyingine ya kupunguza maji mwilini iitwayo Lasix. Yaandike kwa mwandiko mbaya, huwezi kuyatenganisha. Mwaka 1990 Losec ikabadilishwa jina huko ikawa Prilosec. Hapa kwetu mfano ninaouogopa ni hidralazini, inayoshusha presha na ambayo wajawazito wenye presha kali hupewa, na hidroksizini ya kutuliza mwasho. Ndiyo maana famasia nyingine huandika lebo za rafu kwa herufi kubwa pale majina yanapotofautiana: hydrALAZINE, hydrOXYzine. Macho ya mtu aliyechoka hayasomi neno, yanatambua umbo lake. Ukilivunja umbo, umeyalazimisha yasome.

Halafu kuna bahasha. Kila mkazi wa Nairobi anaijua: bahasha ndogo ya kemisti iliyoandikwa "1x3" kwa kalamu. Sisi tulioiandika tunajua maana yake ni tembe moja mara tatu kwa siku. Nimeshakutana na mzee aliyekuwa akimeza tembe tatu mara moja kila asubuhi, tena kwa nidhamu kubwa, kwa sababu ndivyo hesabu hiyo inavyosomeka kwake. Hakukosea yeye. Kuna dawa ambayo kosa la namna hii huua kabisa: methotreksati, ambayo wagonjwa wa baridi yabisi huimeza mara moja kwa juma. Ikimezwa kila siku, uboho huacha kutengeneza damu na mdomo hujaa vidonda. Dawa kama hiyo haitoshi kuandikiwa "mara moja kwa juma". Iandikwe siku kwa jina: kila Jumatatu. Na mgonjwa aambiwe ni Jumatatu kwa kinywa.

Pengo la hapa kwetu

Vitabu tulivyosomea vingi viliandikwa kwa hospitali ambazo dawa hutoka famasia ya ndani, ikiwa kwenye kasha lile lile kila siku. Nairobi mambo hayaendi hivyo. Dawa ikiisha, ndugu hupewa karatasi avuke barabara aende kemisti. Anarudi na dawa ile ile kwa jina jingine la kampuni, au nguvu tofauti: daktari aliandika tembe moja akifikiria ya miligramu 250, kemisti ilikuwa na ya 500. Bibi kizee akitoka hospitali ndogo ya mtaani kuhamishiwa hospitali ya rufaa hubeba mfuko wa plastiki wenye dawa za huko, anaandikiwa mpya huku, na kwa siku tatu anameza dawa moja ya presha kwa majina mawili. Nimezimwaga dawa za mifuko hiyo juu ya meza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara nyingi hukuta angalau dawa moja iliyojirudia.

Dawa ya tatizo hili ina kazi lakini haina gharama kubwa: mgonjwa anapoingia, anapohamishwa wodi na anapotoka, mtu mmoja akae naye aandike orodha moja ya kila anachotumia, pamoja na mitishamba, kisha alinganishe na anachoandikiwa. Ni kazi ya dakika kumi na tano, na katika hospitali nyingi haina mwenyewe.

Kisha kuna kumtambua mgonjwa. Wodi moja inaweza kuwa na Wanjiku wawili na Otieno watatu. Kitanda si kitambulisho. Watu huhamishwa kitanda, na wengine hukigawana. Mwaka 2018 jiji hili lilishtuka kusikia kwamba mgonjwa alifunguliwa fuvu kwa upasuaji uliokusudiwa mtu mwingine, baada ya lebo za utambulisho kuchanganywa. Ikiwa mchanganyiko huo unaweza kuvuka mlango wa chumba cha upasuaji, unavuka kwa urahisi zaidi kwenye trei ya dawa. Muuguzi aulize, "Jina lako kamili ni nani?" asiulize, "Wewe ni Mary?" Mgonjwa mwenye homa atakubali kuwa Mary. Kisha alinganishe na namba ya mgonjwa iliyo kwenye mkanda wa mkononi.

Dawa zisizosamehe

Dawa nyingi zina nafasi ya kusamehe: ukizidisha kidogo, mwili unavumilia. Chache hazina. Insulini, heparini ya kuzuia damu kuganda, morfini, potasiamu kloridi nzito, magnesiamu salfeti, dawa za saratani. Hizi zinahitaji heshima ya pekee, na hapa ndipo mtu wa pili wa kuhakiki anapokuwa wa lazima.

Tazama magnesiamu salfeti, ambayo huokoa akina mama wenye kifafa cha mimba kila siku katika vyumba vya kujifungulia vya jiji hili. Huja kwenye ampuli, kichupa kidogo cha kuvunjwa, ikiwa na nguvu ya asilimia 50, yaani nusu gramu kwa kila mililita. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, na mshipani inatakiwa iwe asilimia 20. Kwa hiyo unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20, unazitoa taratibu. Dozi inayofuata, katika mpango unaotumika sana, ni gramu 5 kila tako, na hiyo haichanganywi na maji. Inabaki asilimia 50. Dawa moja, dakika zile zile, nguvu mbili tofauti kwa njia mbili tofauti, na mama anatikisika kitandani, mumewe analia mlangoni. Hesabu hiyo isifanywe kichwani. Ibandikwe ukutani, kwa maandishi makubwa, juu ya meza inapotayarishiwa. Na kando yake yaandikwe mambo matatu ya kuangalia kabla ya kila dozi itakayofuata hizo za mwanzo: goti likigongwa bado linaruka? Anapumua angalau mara 16 kwa dakika? Mkojo unafika angalau mililita 30 kwa saa? Na ampuli ya kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo dawa ya kuzima sumu yake, iwe kwenye trei hiyo hiyo, isiwe kabatini ambako ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kunywa chai.

Potasiamu kloridi nzito ni rangi ya maji, ndani ya ampuli inayofanana na ya maji ya sindano. Ikidungwa moja kwa moja bila kuchanganywa kwenye dripu, moyo husimama. Kuwaambia watu "muwe waangalifu" hakutoshi hata kidogo. Kinachosaidia ni kuiondoa kwenye rafu za wazi za wodi, ikae famasia au kwenye kabati lililofungwa, itolewe ikiwa imeshachanganywa inapowezekana.

Mfano ulionifunza zaidi kuhusu jambo hili ni wa vinkristini, dawa ya saratani inayopewa mshipani tu. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo, huua karibu kila mara. Wagonjwa wengine wa saratani ya damu hupewa vinkristini ya mshipani na dawa nyingine ya uti wa mgongo, wakati mwingine siku moja, sirinji mbili kwenye trei moja. Mwaka 2001 kijana mmoja alikufa hivyo Nottingham, Uingereza, mikononi mwa madaktari waliosoma, na hakuwa wa kwanza. Walikumbushwa na kuonywa kwa miaka. Vifo viliendelea hapa na pale duniani. Kilichobadilisha mambo ni wazo la kawaida kabisa: dawa isiwekwe kwenye sirinji tena, iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu. Mfuko haufanani na sirinji, na hakuna anayeweza kuusukuma kwenye uti wa mgongo kwa kupitiwa. Shirika la Afya Duniani lilihimiza hivyo mwaka 2007. Walibadilisha chombo, na chombo kikamlinda mtu aliyechoka.

Usimkatize

Ukiwa umewahi kukaa wodini mchana, umemwona muuguzi na trei ya dawa. Hatua tatu, anaitwa: dripu ya kitanda cha nane imeisha. Hatua mbili, simu inalia mezani. Kisha ndugu anauliza daktari atapita saa ngapi. Johanna Westbrook na wenzake waliwafuatilia wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney, Australia, wakitoa dawa zaidi ya mara 4,000, na mwaka 2010 wakachapisha matokeo: kila mara muuguzi alipokatizwa, makosa yaliongezeka kwa takriban asilimia 12. Akikatizwa mara mbili, mara tatu, yanazidi kupanda.

Ninawaomba ndugu wa wagonjwa jambo hili kwa moyo wote. Muuguzi akiwa anavuta dawa au anahesabu matone, ngoja amalize. Na wasimamizi, ambao wana uwezo zaidi, wapange mtu mwingine wa kupokea simu na maswali saa ya dawa. Hospitali nyingine ulimwenguni humvisha anayetoa dawa kizibao chenye rangi kali ili kila mtu ajue. Kizibao kinasaidia pale tu ambapo kuna mtu wa pili wa kuitikia wito. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa thelathini hawezi kulindwa na kitambaa.

Wengine huniambia kompyuta zitamaliza haya yote. Zitamaliza ya mwandiko, na hilo si dogo. Lakini mwaka 2017 katika jimbo la Tennessee, Marekani, muuguzi alitumwa kuchukua Versed, dawa ya kumtuliza mgonjwa kabla ya kipimo. Kwenye kabati la kompyuta aliandika herufi mbili za kwanza, V na E. Kabati likamletea vekuroniamu, dawa inayolegeza misuli yote, ikiwemo ya kupumua. Yalikuwepo maonyo, akayapita, na mgonjwa akafa. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani. Alikosea, na kosa lake halina udogo. Ila mimi nikiisoma kesi ile najiuliza pia juu ya kabati linaloruhusu herufi mbili tu kuamua kati ya dawa ya kutuliza na dawa ya kupooza, na juu ya mahali ambapo kuyapita maonyo kumekuwa mazoea ya kila siku.

Tukimfukuza mmoja

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason aliifananisha hospitali na vipande vya jibini lenye matundu vilivyosimamishwa kimoja nyuma ya kingine. Kila kipande ni ulinzi mmoja: daktari, mfamasia, muuguzi, lebo, kanuni. Kila kimoja kina matundu. Siku nyingi tundu la huyu hufunikwa na uzima wa yule. Siku matundu yote yakipangana mstari mmoja, kosa linapita moja kwa moja hadi kwa mgonjwa. Mimi huwaambia wanafunzi wafikirie mabati ya zamani yaliyorundikwa: mwanga unapenya pale tu ambapo kutu imekula mahali pamoja katika yote. Ukimfukuza mtu mmoja umeondoa bati moja. Tundu la mengine liko pale pale, likimngoja atakayeajiriwa Jumatatu.

Na kumfukuza kuna gharama nyingine. Wenzake wanaona, wananyamaza. Kosa linalofuata linafichwa, faili linarekebishwa usiku, na hospitali inabaki haijui chochote. Sisemi kila mtu asamehewe. Anayeiba dawa, anayekuja kazini amelewa, anayeruka kanuni kwa makusudi akijua hatari yake, huyo awajibishwe. Lakini aliyesoma "30" isiyo na kipimo anahitaji kitu tofauti na hukumu. Anahitaji pia kushikwa mkono, kwa sababu wapo wahudumu wanaobeba makosa yao hadi wanaacha kazi.

Yule muuguzi wa wodi ya watoto aliandika ripoti asubuhi hiyo hiyo, akiwa na hofu. Msimamizi wake, Mungu ambariki, aliita kikao bila kutaja jina la mtu. Zilitoka kanuni mbili: kila dozi ya mtoto iandikwe kwa miligramu na kwa mililita, zote mbili, na uzito wa mtoto uandikwe juu ya kila ukurasa wa karatasi ya dawa. Ya tatu niliidai mimi: sirinji kubwa zisikae kwenye trei ya dawa za watoto wachanga. Jedwali la dozi kwa uzito, ambalo Wizara ya Afya inalo kwenye kijitabu chake cha miongozo ya watoto, lilibandikwa ukutani.

Nje ya hospitali, Bodi ya Dawa na Sumu, inayosimamia dawa nchini Kenya, hupokea taarifa hizi. Wahudumu wengi wanaijua fomu ya manjano ya athari za dawa na ya waridi ya dawa zenye kasoro. Wachache wanajua kwamba mfumo wa bodi hiyo wa mtandaoni unapokea pia taarifa za makosa ya dawa, na kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuripoti mwenyewe. Kenya imo katika mpango wa dunia wa kufuatilia usalama wa dawa tangu 2010, lakini mpango huo unalishwa na ripoti, na ripoti huandikwa na watu wasioogopa.

Kwa unayeketi kando ya kitanda

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake, inapowezekana kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hiyo ukiuliza kwa Kiswahili, hujaomba hisani. Uliza kabla ya sindano: hii ni dawa gani, ni ya nini, imebadilika kutoka ya jana? Rangi ikiwa tofauti, tembe zikiwa nyingi zaidi, sirinji ikiwa kubwa, sema. Huenda daktari amebadilisha na kuna sababu nzuri, utaambiwa. Uliza taratibu, kwa heshima, kama shosho yule, na usisubiri dawa iingie kwanza.

Mzio wako useme kila unapofika, hata kama umeandikwa kwenye faili, hata kama uliusema dakika kumi zilizopita kwa mtu mwingine. Taja uzito wa mtoto. Taja mimba. Taja dawa ya mitishamba uliyopewa nyumbani. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka mtafute mwingine. Kwa dawa ya maji ya mtoto omba sirinji ya kupimia ikiwa na alama ya mililita, kwa sababu vijiko vya jikoni vinatofautiana sana.

Na siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, ambayo kila mtu ana haraka, bili imelipwa na teksi inasubiri langoni, keti kwanza. Zitoe dawa zote kwenye mfuko, mpya na zile za zamani ulizokuja nazo, zipange juu ya kitanda. Mwombe muuguzi au mfamasia akuambie moja moja ipi unaendelea nayo na ipi umeacha, kisha wewe umrudishie kwa maneno yako: hii tembe moja asubuhi, hii nusu jioni baada ya chakula, hii sitaigusa tena. Ukikwama kwenye moja, hapo ndipo pa kubaki hadi ieleweke, angali yuko mbele yako.